Barua ya wazi: Mzazi wa Nairobi naye anahitaji darasa

Kwa Waziri wa Elimu, Waziri wa Afya, Gavana wa Kaunti ya Nairobi, na wakuu wa Mamlaka ya Mawasiliano na Bodi ya Kuainisha Filamu,

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Umoja. Mimi ni mzazi wa watoto wawili waliofika umri wa kubalehe, na ni mwakilishi wa wazazi wa darasa katika shule moja ya umma hapa Eastlands. Ninaandika kuomba jambo moja. Sehemu ya pesa na nguvu mnazotumia kupambana na uchafu unaowafikia watoto wetu kupitia simu, redio na runinga itumike kuwafunza wazazi namna ya kuzungumza na watoto hao kuhusu mwili, mapenzi na ngono. Na wafunzwe mapema, mtoto akiwa bado yuko Gredi ya 4 au ya 5, kabla hajapata simu yake.

Njia ya kupiga marufuku tumeiona. Mwaka 2013 tangazo la kondomu liliondolewa kwenye runinga baada ya viongozi wa dini kulalamika. Agosti 2023 ombi liliwasilishwa Bungeni kutaka TikTok ifungwe nchini. Ilizungumzwa kila mahali, kisha mtandao ukabaki pale pale ulipokuwa, na watoto wetu wakabaki ndani yake. Sisemi sheria hazina kazi. Kanuni za utangazaji zinataka vipindi vinavyopeperushwa kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku viwe vya kufaa watu wa rika zote, watoto wakiwemo. Kanuni hiyo ni nzuri, na ningependa ifuatwe.

Lakini pandeni matatu ya Umoja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya shule. Redio iko juu. Mtangazaji amempigia simu mume wa mtu kumtega, mke yuko kwenye laini anasikiliza, na sasa wanachambua nani alilala na nani, wapi, mara ngapi. Ndani ya gari mna watoto wenye sweta za shule, mikoba mapajani. Kuna mama ameketi na binti yake wa miaka kumi na tatu hivi. Mama anageukia dirishani. Kisha anatoa simu na kuisogeza-sogeza kwa kidole, hasomi chochote. Binti ameinamisha kichwa, na kila neno linamwingia. Kutoka Mutindwa hadi Muthurwa hawasemezani.

Kilichotokea kwenye matatu ile si kipindi cha redio peke yake. Binti amesikia mambo mawili: aliyoyasema mtangazaji, na kimya cha mama yake. Hilo la pili ndilo linalomfundisha kwamba haya mambo yana mahali pa kuulizia, na mahali hapo si kwa mama. Jioni atamuuliza rafiki, au ataiuliza simu.

Sasa fikirieni mama huyo huyo, redio hiyo hiyo, ila wakishuka anamwambia bintiye njiani: "Umesikia yale ya redio? Wewe waonaje, yule mwanaume alifanya haki?" Ni sentensi mbili tu, hakuna hotuba. Redio haijazimwa, lakini haiwezi tena kuwa mwalimu peke yake.

Si dhana yangu tu. Mwaka 2004 jarida la tiba ya watoto la Marekani liitwalo Pediatrics lilichapisha utafiti uliofuatilia vijana 1,792 wa miaka 12 hadi 17. Waliotazama kwa wingi zaidi vipindi vya runinga vyenye mambo ya ngono walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kuanza kufanya ngono katika mwaka uliofuata, wakilinganishwa na waliovitazama kidogo zaidi. Watafiti walisema kupunguza vipindi hivyo kunaweza kusaidia. Walisema pia kuna njia nyingine: mzazi atazame pamoja na mtoto na amweleze anachoamini kuhusu ngono na kuhusu yale yanayoonyeshwa. Enzi hizo ilikuwa runinga ya sebuleni, ambayo mzazi angeweza kuizima. Leo ni skrini ya kiganjani, chini ya blanketi, na njia ya kwanza imekuwa ngumu mno. Ya pili bado iko wazi.

Mwaka 2016 jarida la JAMA Pediatrics likatoa uchambuzi uliokusanya matokeo ya miaka 30 ya utafiti, vijana zaidi ya 25,000 kwa jumla. Vijana waliozungumza na wazazi wao kuhusu ngono walielekea zaidi kutumia kondomu na njia nyingine za kujikinga. Athari yenyewe ni ndogo, na sitaki kuipamba. Lakini ilionekana, hasa kwa wasichana, na hasa mzungumzaji alipokuwa mama. Kwangu mimi hilo lina maana mbili. Mazungumzo ya nyumbani yana uzito. Na akina baba na wavulana tumewaacha nyuma.

Najua mtaambiwa na wengine kwamba kumzungumzia mtoto mambo haya ni kumfungua macho kabla ya wakati. Mwongozo wa kimataifa wa UNESCO wa mwaka 2018 kuhusu elimu ya jinsia ulipitia ushahidi uliopo na kueleza kwamba elimu hiyo haiwaharakishi vijana kuanza ngono. Na hata bila UNESCO, tuseme ukweli: mtoto wa Nairobi macho yake yalifunguliwa zamani. Video za muziki zinachezwa kwenye skrini za matatu zetu. Vichekesho vya TikTok vinapita kwenye simu ya dada yake. Na wale wa Mukuru, Mathare na Korogocho, ambako familia nzima hulala chumba kimoja chenye pazia katikati na runinga ni moja kwa wote, mtoto hutazama kile mtu mzima anachotazama na husikia kile kinachosikika usiku. Mzazi anayesema mwanangu hajui kitu anajiambia anachotaka kukisikia.

Ubaya wa yale wanayoyaona si uchi peke yake. Ni yale yaliyoachwa nje. Kwenye hizo video hakuna anayemuuliza mwenzake kama anataka. Hakuna anayesema hapana, na akisema, hapana yake inageuka kuwa ndiyo baada ya sekunde kumi. Hakuna kondomu, hakuna mimba, hakuna foleni ya kliniki, hakuna msichana anayebeba mtoto mgongoni huku wenzake wakienda shule. Kijana wa miaka kumi na minne asiyekuwa na habari nyingine huchukua kile kama kipimo cha kawaida: kila mtu anafanya, na hivi ndivyo inavyofanywa. Aliyeketi na mzazi wake mapema ana kipimo kingine cha kuweka kando ya kile. Anaweza kuiangalia video ile ile na kujua kwamba ni maigizo, kwamba kuna kitu kimefichwa. Na mtu asiyemjua akimwomba picha kwenye mtandao, ana mtu wa kumwambia kabla hajaituma, au hata baada ya kuituma, bila kuogopa kufukuzwa nyumbani.

Viongozi wetu hupenda kutukumbusha kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ni kweli. Lakini mamaye naye alifunzwa na nani? Wengi wetu hatukuwahi kuambiwa na mama zetu, na haikuwa kazi yao. Pwani ilikuwa kazi ya somo na kungwi, wanawake waliowafunda mabinti. Kwa Waluo, wasichana walilala siwindhe, nyumbani kwa bibi, na bibi ndiye aliyesema yote. Jamii nyingi ziliachia mashangazi, wajomba na wazee wa jando. Wazazi wenyewe walinyamaza kwa sababu walijua kuna mtu anayesema. Sisi tulikuja mjini tukapanga chumba Kayole au Pipeline, shangazi akabaki Bungoma, nyanya akabaki Murang'a. Tukaja na kile kimya, na yule wa kusema akabaki kule. Nafasi yake sasa imeshikwa na mtangazaji wa asubuhi na watu wa mitandaoni wanaotafuta wafuasi.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema wazazi wa Nairobi hawajali. Katika kikao cha wazazi wa Gredi ya 6, mwalimu alipotaja hedhi na kubalehe, akina baba watatu walisimama wakatoka nje, simu masikioni. Kikao kilipoisha mmoja wao alinisubiri langoni. Aliniambia ana binti wa miaka kumi na mmoja, mama yake hayupo, na binti ameanza kujifungia bafuni. "Mimi ni baba. Naanzia wapi?" Mtu huyo hapingi mafunzo yoyote. Anaomba darasa, na hakuna ofisi hata moja katika mji huu iliyomfungulia.

Hebu tuangalie basi shule zimefanya nini. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya Guttmacher ya Marekani na kituo cha utafiti wa afya cha APHRC cha hapa Nairobi walitoa utafiti kuhusu elimu ya jinsia katika shule za upili za kaunti za Nairobi, Mombasa na Homa Bay. Robo tatu ya walimu walisema wanafundisha mada zote. Wanafunzi waliosema wamefundishwa mada zote walikuwa asilimia 2. Kati ya mwalimu na mwanafunzi kitu kinapotea, na siwalaumu walimu, maana nao ni wazazi kama sisi, wamelelewa katika kimya kile kile. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini wamewahi kupata mimba. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 18. Tumeshuka, na anayestahili sifa apewe. Lakini hiyo bado ni zaidi ya msichana mmoja katika kila saba.

Tukubaliane pia kuhusu tunachomaanisha tunaposema mazungumzo. Mapitio ya tafiti za Afrika kusini mwa Sahara yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikuta kwamba wazazi wanapozungumza na vijana kuhusu ngono, mara nyingi ni amri za upande mmoja na maonyo yasiyoeleweka. Nani kati yetu hayajui? "Usicheze na wavulana." "Ukileta mimba hapa, utafute kwa kwenda." Binti anaambiwa hivyo siku anapovunja ungo, anapewa sodo, na somo limeisha. Mvulana haambiwi kitu kabisa mpaka siku chifu au polisi anapobisha mlangoni. Hayo siyo mazungumzo. Mtoto aliyetishwa haachi kutazama, anaacha kuuliza.

Kuzungumza ni kazi ya mikono yenye ujuzi wake, na hujifunzwa. Mzazi hufunzwa kuanza na jambo dogo na la kweli: majina ya sehemu za mwili, hedhi, ndoto za usiku kwa wavulana. Hufunzwa kutumia kilicho mbele yao, wimbo, tamthilia, habari ya jirani, badala ya kumwita mtoto na kumkalisha kitako kama mshtakiwa. Anajua kwamba mkichambua sukuma wiki pamoja, au mkitembea kwenda kwa mama mboga, mtoto husema zaidi kwa sababu hamtazamani usoni. Anajua kujibu "sijui, nitauliza kisha nikwambie" bila kuona aibu. Na anajua kwamba si somo la siku moja, ni maneno machache yanayorudiwa mwaka baada ya mwaka.

Mafunzo ya namna hii tayari yako Kenya. Mpango wa Families Matter, uliotokana na ule wa Marekani uitwao Parents Matter, uliletwa magharibi mwa Kenya mapema miaka ya 2000 na kubadilishwa ufae jamii ya huko. Unawalenga wazazi na walezi wa watoto wa miaka 9 hadi 12, yaani kabla moto haujawaka. Wazazi hukutana katika vikundi vidogo, mara moja kwa wiki, na hufanya mazoezi ya kusema maneno yenyewe kwa sauti. Baadaye ulisambaa katika mipango ya kuzuia HIV kwa wasichana. Mipango hiyo imeendeshwa sana kwa pesa za wafadhili, hasa Marekani, na Januari 2025 sote tuliona jinsi pesa za aina hiyo zinavyoweza kusimamishwa ghafla. Jambo linalohusu kila nyumba haliwezi kutegemea wafadhili.

Waziri wa Elimu, mfumo wa kulifanya hili mnao. Mwongozo wa mtaala wa umilisi (CBC) wa mwaka 2017 unataja kuwawezesha na kuwashirikisha wazazi. Hadi sasa, ushirikishwaji tulioupata wazazi ni kutumiwa kazi za ziada kwenye WhatsApp, kununua manila na gundi, na kutafuta mahali pa kuchapisha picha usiku. Hayo tumeyafanya. Sasa tushirikisheni katika hili. Kila shule ya umma iwe na darasa la wazazi wa Gredi ya 4 na ya 5, Jumamosi alasiri au Jumapili baada ya ibada, wala si Jumatano saa tatu asubuhi. Mama anayefua nguo za watu Buruburu na baba wa mjengo hawawezi kuacha kibarua cha siku. Mkiweka kikao siku ya kazi, watakuja wale wale wanaokuja kila mara.

Waziri wa Afya, na wewe Mheshimiwa Gavana, wahudumu wa afya ya jamii waliozinduliwa rasmi Septemba 2023 wanapita ploti hadi ploti wakipima presha na sukari. Wanajua nyumba ipi ina msichana wa miaka kumi na mbili na ipi inalelewa na nyanya au na kaka wa miaka ishirini. Wafunzeni kuendesha vikundi hivi, na wakiongezewa kazi waongezewe na posho. Viongozi wa makanisa na misikiti, kuanzia Kariobangi hadi Eastleigh na Pumwani, waitwe mwanzoni, si baada ya mtaala kuchapishwa. Wengi wao hushindana na serikali kuhusu kinachofundishwa darasani, lakini sijakutana na shehe wala mchungaji anayepinga mzazi kumfunza mtoto wake mwenyewe.

Nitaomba vikundi vya akina baba viwe peke yao, angalau mwanzoni. Kuna mambo wanaume hawatayasema mbele ya majirani wa kike, na kuna sheria ambazo wengi hawazijui. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, aliye chini ya miaka 18 hawezi kisheria kukubali ngono. Mvulana wa miaka kumi na saba aliye na mpenzi wa miaka kumi na sita anaweza kujikuta kortini kwa shtaka la unajisi. Na kijana anayesambaza picha ya uchi ya mwanafunzi mwenzake kwenye kundi la WhatsApp anavunja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018, hata kama yeye alitumiwa tu akaipeleka mbele. Ni nani amewaambia wavulana wetu haya? Video hazitawaambia. Inapaswa kuwa baba, na baba lazima aambiwe kwanza.

Kwenu wa Bodi ya Kuainisha Filamu. Mnaweka alama ya PG kwenye filamu, maana yake mtoto aitazame kwa mwongozo wa mzazi. Alama hiyo inamwachia mzazi kazi yote na haimpi chochote cha kuifanyia. Wekeni, kwa Kiswahili chepesi, maswali mawili matatu ambayo mzazi anaweza kumuuliza mtoto baada ya filamu za aina hiyo. Yasomwe redioni, yabandikwe shuleni, yatumwe kwa simu. Nanyi wa Mamlaka ya Mawasiliano, asubuhi zetu zirudishieni heshima ambayo kanuni zenu wenyewe zinaidai. Na mnapokubaliana na vituo, waombeni dakika chache za saa hiyo hiyo ya matatu zitumike kumsemesha mzazi aliye garini na mtoto wake.

Novemba 2019 mji huu ulikuwa mwenyeji wa mkutano wa kimataifa wa idadi ya watu na maendeleo pale KICC, na serikali ikatoa ahadi mbele ya dunia kuhusu afya ya vijana. Mwaka 2017 mlitunga sheria ya kuwapa wasichana sodo shuleni bila malipo. Kwa hiyo hamwezi kusema jambo hili ni la chumbani tu na halihusu serikali. Mmeshaingia. Kilichobaki ni kuwafikia watu wazima wanaoishi na watoto hao.

Ninachosubiri ni jibu la wazi: ni ofisi gani kati yenu itakayolichukua jambo hili kwanza, na katika muhula upi darasa la kwanza la wazazi litafunguliwa Eastlands. Wazazi wa darasa ninaowawakilisha wako tayari kukutana wikendi yoyote mtakayoitaja, na yule baba wa langoni ameshaniambia atakuja.

Wenu,
Mzazi, Umoja, Nairobi